Ya Zamani Inabaki kwa Fundi

Bashige alimwona Papa Barthélemy kabla Papa Barthélemy mwenyewe hajajua kuwa ana shida. Alimwona akishuka kwenye pikipiki pale Birere, mtaa wa mafundi mjini Goma, ameikumbatia kompyuta iliyofungwa kitenge kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano, akisoma mabango ya mafundi moja baada ya jingine kwa macho ya mtu asiyejua amwamini nani. Roho ya Bashige ilipata amani. Alifuta vumbi mezani, akavaa miwani ambayo haikuwa na kazi yoyote machoni mwake, akainamia redio mbovu kwa huzuni ya daktari aliyechoka kuokoa watu.

Bango lake lilikuwa la buluu: CLINIQUE INFORMATIQUE LA RÉCONCILIATION, DR BASHIGE. Udaktari huo hakuna chuo kilichompa. Siku ya kuandika bango rangi ilikuwa inakaribia kuisha, na neno "réparateur", yaani mtengenezaji, lilikuwa refu mno. Tangu siku hiyo akawa daktari, na mtu akiitwa daktari kwa muda wa kutosha mwishowe huanza hata kuandika kwa mwandiko usiosomeka.

Hakuwa mwizi, tuelewane. Mwizi huja kwako bila kualikwa. Bashige alikaa mahali pake, watu wakamletea mali zao wenyewe, wakamsalimu kwa mikono miwili, na wakati wa kuondoka wakamshukuru.

Papa Barthélemy alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mwenye kofia pana na tumbo lililomtangulia kila aendako. Alizaliwa kati ya ng'ombe, akakua kati ya ng'ombe, na vita vilipomshusha mjini alishuka na ng'ombe wake mbele, akawapangishia malisho kule Kibumba. Lakini maziwa hayakumtosha. Alifungua studio ya video za harusi, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mtu anayeoa hana nafasi ya kubishana bei. Sasa studio jirani ilikuwa imetundika tangazo la video za "quatre K". Papa Barthélemy hakujua K ni kitu gani, ila aliona jirani anazo nne na yeye hana hata moja. Siku hiyohiyo akatangaza kwamba na yeye anazo, akapokea malipo ya awali ya harusi za msimu mzima, ndipo akatoka kwenda kutafuta hizo K zinapatikana wapi. Kwa hiyo msimwonee huruma mapema.

Ndani ya kitenge mlikuwa na kompyuta yake ya zamani, na juu yake sanduku jipya lenye carte graphique, kile kibao kinachoshughulikia picha, aliyoletewa na shemeji yake kutoka Dubai. Alitaka iwekwe tu. Bashige akaiweka. Mashine ikawaka, picha zikang'aa, Papa Barthélemy akaenda nayo nyumbani akiwa ameshika kofia mkononi kwa furaha.

Kesho yake akarudi nayo, kofia ikiwa imeshuka hadi kwenye nyusi. Inawaka vizuri, alieleza, inafungua kila kitu vizuri, lakini akianza tu kuunganisha video, bibi harusi akiinua mguu kuingia kanisani, giza. Bibi harusi huyo alikuwa ameinua mguu tangu jana na hajaushusha.

Bashige aliujua ugonjwa kabla kitenge hakijafunguliwa. Nyuma ya kila kompyuta kuna kisanduku kinachogawia vipande vingine umeme, ndicho waitacho bloc d'alimentation. Kisanduku cha Papa Barthélemy kilikuwa kimezeeka. Kiliweza kuilisha familia ya zamani, lakini mgeni wa Dubai alikuwa mlaji, na kila alipoanza kazi ya nguvu alikula chakula cha nyumba nzima na nyumba ikazimika. Dawa yake ni kubadilisha kisanduku, basi. Ni kazi ya muda wa kunywa chai, na chai yenyewe isiwe ya moto sana.

Siku nyingine Bashige angesema kweli, au angalau nusu yake. Lakini siku hizo alikuwa na shida yake mwenyewe, na shida hiyo iliitwa Joviale.

Joviale alikuwa akifanya kazi kwenye secrétariat public iliyotazamana na kibanda cha Bashige, akichapa barua za watu na kutoa fotokopi wakati umeme ulipokubali. Familia yake, kama ya Bashige, ilikuwa ya Bashi, watu wa upande wa Bukavu. Alikuwa amesikia maneno yote matamu ambayo Bashige aliwaambia wateja, kwa kuwa barabara ilikuwa nyembamba na Bashige alikuwa na sauti. Siku alipoanza kumwambia na yeye maneno matamu, Joviale alimjibu kwamba hayo ameshayasikia, aliambiwa juzi mteja mwenye imprimante, ile mashine ya kuchapa. Hapo ndipo Bashige alipoanza kumpenda kweli, na alipoanza kumpenda kweli maneno yalimwisha, jambo ambalo halikuwahi kumtokea maishani.

Wakakubaliana. Ikabaki mahari, na mahari ilikuwa mikononi mwa baba mkubwa wa Joviale, Muzee Cirimwami, aliyefika Goma akiwa na fimbo, begi moja na wazo moja. Siku hizi watu wa mjini hupeleka ng'ombe ndani ya bahasha: unaandika "vache" juu, unaweka noti ndani, wazee wanasema moo kwa heshima na sherehe inaendelea. Muzee Cirimwami aliirudisha bahasha bila kuifungua.

"Sijaonaka enveloppe yenye kuzala," alisema. "Mulete ngombe."

Akataja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kuna kijana mmoja wa pale mpakani, Jean-de-Dieu, karani mwenye mshahara, ambaye mama yake ameshakuja kusalimia na sukari. Bashige hakulala vizuri. Benki za mji zilikuwa zimefunga milango tangu mwaka ulipoanza, mwenye pesa na asiye nazo wakawa wanatembea na uso mmoja, na ng'ombe wa kweli hauzwi kwa maneno matamu.

Kwa hiyo Papa Barthélemy alipokaa kwenye kiti cha wagonjwa na kutaja, katikati ya malalamiko yake, kwamba ng'ombe anao lakini pesa hana, Bashige alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Ndani ya kichwa chake ng'ombe mmoja alikuwa ameshaanza kushuka kutoka Kibumba.

"Papa," alisema kwa upole, "hii carte graphique ni bibi mupya. Umemuingiza mu nyumba yenye bashemeji ba zamani. Beko banamuzungukia. Habasikilizane."

Papa Barthélemy aliuliza dawa ni nini.

"Kubadilisha bashemeji."

Wakaanza na mémoire, kile kijiti cha kumbukumbu. Bashige alinunua mpya kwa pesa ya Papa Barthélemy, akaijaribu kwenye mashine mbele ya macho yake, nayo ikakataa kuingia, kwa sababu pengo lake lilikuwa limekatwa mahali pengine. Bashige alijua kwamba ingekataa. Alichagua hiyo kwa sababu ingekataa. Alisikitika sana, akaeleza kwamba mémoire hii haina kosa, kosa ni la carte mère, kibao kikuu kinachobeba vingine vyote, ambacho ni cha kizazi kile. Ikanunuliwa carte mère mpya. Nayo ikamkataa processeur wa zamani, ubongo wa mashine, maana miguu yake haikulingana na matundu. Akanunuliwa processeur mpya. Kila mara Papa Barthélemy alilipa kidogokidogo, akikopa huku na huku, na kila mara Bashige alikifuta kipande kilichotoka, akakifunga ndani ya gazeti na kukiweka kwenye rafu.

"Na hii yangu?" Papa Barthélemy aliuliza mara ya kwanza.

"Ya zamani inabaki kwa fundi," Bashige alimjibu. "Njo sheria ya atelier, Papa. Hata kwa garage beko banafanyaka vile."

Na kweli ndivyo ilivyo. Mpe fundi pikipiki abadilishe mnyororo, mnyororo wa zamani ni wake. Mpe fundi cherehani kitenge, mabaki ni yake. Papa Barthélemy alikubali bila kusema neno, ila alikitazama kile kipande kikifungwa gazeti namna mtu anavyomtazama mtoto wake akipanda gari la watu wengine. Kila kipande cha kompyuta ile kilikuwa na kovu dogo pembeni, alama ya msumari wa moto. Bashige alidhani ni kazi ya fundi fulani wa kwanza mwenye mikono mibaya, na akasikitika kidogo kwa kushuka kwa ufundi mjini.

Baada ya yote hayo, bibi harusi alikuwa bado ameinua mguu. Ilikuwa lazima, kwa kuwa kisanduku cha umeme hakuna aliyekigusa. Familia za maharusi zikaanza kumpigia Papa Barthélemy simu, kwanza kwa heshima, halafu bila heshima. Bwana harusi mmoja alisema atakuja mwenyewe na kaka zake. Papa Barthélemy alipungua hadi tumbo likaacha kumtangulia, na hapo Bashige akaona tunda limeiva.

Siku ya kulichuma, Bashige alivipanga vile vipande vya zamani vyote ndani ya sanduku jipya jeusi lenye kioo ubavuni na taa za buluu zinazozunguka. Akarudisha kila kimoja mahali pake: carte mère ya zamani, mémoire ya zamani, processeur wa zamani, disque ya zamani, hata kisanduku kilekile cha umeme, ambacho sasa, bila mgeni wa Dubai, kilitosha kabisa. Vyote vilikuwa vimeishi pamoja miaka mingi na vilifurahi kuonana. Vile vipya vyote, pamoja na carte graphique ya shemeji, vikaingia kwenye gazeti.

Alimweleza Papa Barthélemy kwamba vipande vipya vimekataa nyumba yake kabisa, atamsaidia kuvirudisha kwa wenyewe, na kwa bahati ya Mungu imepatikana mashine nzima.

"Hii ilikomaa pamoja," alisema. "Ni famille moja. Hakuna mugeni ndani."

"Inatoka Ulaya?"

"Mimi siwezi kukudanganya, Papa. Hata hewa yenye iko ndani ni ya Ulaya."

Akaiwasha. Bibi harusi akaushusha mguu chini, akaingia kanisani, akafika altareni, na taa za buluu zikamzungukia Papa Barthélemy usoni. Bei yake ilikuwa ng'ombe mmoja, wa mahari ya Jumamosi. Papa Barthélemy hakupunguza hata kwato. Akasema ndiyo, akaifunga ile mashine kitenge na kuondoka. Kumuuzia mtu kompyuta yake mwenyewe ni kazi inayohitaji unyenyekevu, na Bashige alijizuia kucheka hadi pikipiki ilipokata kona.

Siku mbili zikapita kimya. Bashige alianza kuwashwa shingoni. Siku ya tatu simu ikalia, na sauti ya Papa Barthélemy ilikuwa asali tupu. Mashine inaenda vizuri, aje Kibumba achague ng'ombe wake. Zaidi ya hayo, mtu anayetoa mahari kwa ng'ombe wake yeye amekuwa ndugu, kwa hiyo Jumamosi atakuja mwenyewe na kamera, apige video ya sherehe yote, bure. Bashige alikuwa na kanuni moja tu maishani, na kanuni hiyo ilisema kwamba neno "bure" ni la kuwaambia wengine. Siku hiyo aliisahau.

Kibumba palikuwa na baridi na ukungu, na Bashige alikuwa na viatu vyembamba vya mjini vyenye ncha. Papa Barthélemy alimpokea pamoja na mchungaji wake, Habumugisha, mtu mrefu asiyesema sana. Ng'ombe walikuwa wametawanyika majanini, wengi wao wembamba, mbavu zinaonekana, ndama wanawasukuma matumboni. Katikati yao alisimama mmoja wa rangi ya kahawia, mnene, anang'aa kana kwamba amepakwa mafuta, pembe ndefu na laini zimeinuka vizuri.

"Chagua weye mwenyewe," Papa Barthélemy alisema. "Mimi njo nitafundisha Mushi mambo ya ngombe?"

Maneno hayo yalimkaa Bashige kifuani kama nishani. Mushi, yaani mtu wa kabila lao kule Bukavu, na ng'ombe, watu husema, ni kitu kimoja. Bahati mbaya Bashige alizaliwa mjini, akalelewa mjini, na ng'ombe alimfahamu vizuri zaidi akiwa kwenye mshikaki. Lakini Mushi gani atasimama mbele ya mtu wa Masisi na kuuliza ng'ombe mzuri anatambuliwaje? Bora afe. Akamzunguka yule mnene, akampiga mgongoni kama wanunuzi wa magari wanavyopiga teke tairi, akatikisa kichwa polepole kwa kukubali.

Habumugisha alikohoa. "Docteur, ile njo unapenda? Uangalie muzuri."

Hapo Bashige akawa na uhakika. Mjanja akionywa hufikiri anafichwa kitu, na Bashige alielewa kwamba wanataka kumtoa kwenye ng'ombe bora na kumpa mmoja wa wale wenye mbavu. Akasema ni huyuhuyu, wala hataki kusikia mwingine. Pajani pa ng'ombe palikuwa na alama ya moto, duara dogo lenye mkia. Ilimkumbusha kitu fulani, lakini vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi na hakuendelea kufikiri.

Jumamosi asubuhi Habumugisha alimshusha ng'ombe kwa barabara ya Kibati, na Bashige akawapokea mahali mji unapoanza ili aonekane akiingia naye. Waliomwona walimsifu. Wapanda pikipiki walipunguza mwendo. Mama mmoja wa kuuza mandazi alisema huyo ndiye mwanaume, na Bashige akanunua mandazi ambayo hakuyahitaji.

Nyumbani kwa kina Joviale, mtaa wa Ndosho, turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa kwa pande mbili, ndizi zinaiva jikoni. Joviale alikuwa ndani na shangazi zake, kama desturi inavyotaka, hatoki hadi mahari ipokelewe. Mama yake Jean-de-Dieu alikuwepo pia, amekaa nyuma kabisa kama mtu anayepita tu, ingawa alikuwa amevaa kitenge kipya. Papa Barthélemy alikuwa na kamera begani na kofia yake pana, akimwomba kila mtu atabasamu.

Msemaji wa Bashige alizungumza vizuri. Akasifu ukoo, akasifu binti, akasifu mvua. Halafu Muzee Cirimwami akainuka na fimbo yake, akamkaribia ng'ombe.

Hakuutazama unene wala mng'ao. Alipitisha kidole kwenye pembe, kuanzia shinani hadi nchani, polepole, kama mtu anayesoma. Akarudia pembe ya pili. Akamfungua mdomo, akatazama meno, akaufunga. Mwisho akainama chini ya tumbo, ambako kiwele kilikuwa kidogo na chuchu zimejificha kana kwamba zina haya. Alipoinuka alijipangusa mikono.

"Ngombe kila anapozala, pembe inaandika mustari," alisema. "Hii iko na meno ya bibi muzee na pembe ya mutoto. Inakulaka tu. Haijazala, na haitazala."

Akamgeukia Bashige bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. Akauliza kama ni ng'ombe tasa ndiye anayetaka amtangulie binti yao kwenye nyumba mpya. Shangazi mmoja ndani alipiga ukemi wa msiba. Nyuma kabisa, mama yake Jean-de-Dieu alinyoosha kitenge chake na kusogeza kiti mbele kidogo.

Kuna watu walionong'ona kwamba kijana ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Walimwonea. Gunia halikuwepo. Ng'ombe alisimama mchana kweupe, pande zake zote zinaonekana, na aliyemchagua ni Bashige mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyenenepa. Naye alinenepa kwa kuwa hakuwahi kunyonyesha mtu yeyote. Mtoto yeyote wa Masisi anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Bashige alimvuta Papa Barthélemy hadi kwenye ua wa matete. Kamera ilikuwa bado inazunguka.

"Papa, umenidanganya."

"Nani alichagua?"

Papa Barthélemy aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha mémoire ya zamani, akakigeuza pembeni ili kovu lionekane. Duara dogo, lenye mkia. Kisha akamwonyesha Bashige paja la ng'ombe kwa kidevu.

"Kwetu kitu haitokake mu nyumba bila alama," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya upendo. "Ile mashini ya Ulaya, niliifungua nyumbani juu ya kuona yale mataa ya bleu. Nikakuta batoto bangu bote beko ndani."

Kinywa cha Bashige kilifunguka kikabaki hivyo, na kamera ikalipata hilo vizuri.

Papa Barthélemy aliendelea kwa utulivu. Akasema huyu ng'ombe si mbaya hata kidogo, asimtukane. Ni kwamba tu hasikilizani na mahari hii. Anaomba kubadilishwa. Akasogeza tete moja la ua, na upande wa pili Habumugisha alikuwa amesimama na kamba mkononi, na mwisho wa kamba alikuwepo mtamba mwembamba, mbavu nje, tumbo limeanza kujaa chini. Alikuwa ameshushwa asubuhi ileile na mchungaji mwingine, nyuma ya yule mnene, kwa njia ya vichochoro.

Sharti lilikuwa rahisi. Carte graphique irudi. Mémoire mpya irudi, na carte mère, na processeur.

"Na ile kitu ya kufanya isizimike," akamalizia. "Sijui jina yake. Weye unaijua. Munganga wa ngombe akikuja mara mingi, dawa iko mufukoni mwake."

Sasa ni lazima niseme jambo la aibu. Vipande vile vilikuwa vimeshapata mnunuzi, tena studio ileile jirani yenye K zake nne, na Bashige alikuwa ameahidiwa vizuri. Alisimama pale uani, mchumba yuko ndani, mzee anangoja na fimbo, na midomo yake ikaanza kutembea yenyewe. Ng'ombe mwingine angepatikana wapi, kwa kiasi gani, na mahari ikisogezwa wiki moja hasara ni ipi. Alikuwa mbali sana katika hesabu hiyo mlango wa nyumba ulipofunguka.

Joviale alitoka. Hakuitwa, na shangazi wawili walikuwa bado wamemshika kitenge nyuma. Alikuwa ameona kila kitu dirishani. Alisimama katikati ya viti vya plastiki, mbele ya pande zote mbili, mahali ambapo binti hasimami siku hiyo.

"Bashige," alisema, "uko unahesabu?"

Alitaka kusema hapana. Alikuwa na namna nyingi za kusema hapana, nyingine nzuri sana, zilizokwisha kuwaridhisha watu wazima wenye vyeo. Hakupata hata moja. Aibu ilimshika shingoni na machoni, aibu ya kweli, kwa sababu alimpenda yule mwanamke na alikuwa amekutwa akimpima kwenye mizani pamoja na vyuma. Hili nalisema bila kejeli, msizoee.

"Nilikuwa nahesabu," alisema. "Nimeacha."

"Basi kimbia."

Akakimbia. Pikipiki ilimpeleka Birere na kumrudisha na gazeti lililojaa, na juu yake bloc d'alimentation mpya kabisa, ambayo, msishangae, ilikuwa chini ya meza ya kibanda chake tangu siku ya kwanza. Papa Barthélemy alivipokea kimoja kimoja, akaviweka kwenye mkoba wa kamera, akasema Jumatatu Docteur atakuja kuvifunga mwenyewe, bila malipo, kwa kuwa wamekuwa ndugu. Kisha akapiga mluzi, na Habumugisha akamleta mtamba kwa mlango mkuu.

Muzee Cirimwami alipitisha kidole kwenye pembe, akatazama meno, akaweka kiganja tumboni na kungoja. Kitu kilimpiga teke kutoka ndani. Kwa mara ya kwanza tangu afike Goma, mzee alicheka. Vigelegele vilipanda hadi turubai likatikisika, Joviale akarudishwa ndani ili atoke upya kama inavyotakiwa, na mama yake Jean-de-Dieu akauliza kama chakula kimeiva, maana ana safari.

Jioni wageni walipoanza kuaga, Bashige alikuwa amerudiwa na roho yake. Mke amepata, na ukitazama vizuri hasara si kubwa sana, kwa kuwa yule ng'ombe mnene bado amefungwa pale kwenye nguzo na wachinjaji wa Birere hawaulizi habari za pembe. Alikwenda akafungua kamba. Upande wa pili wa kamba akakuta mkono mwingine umeshashika.

"Apana, Docteur," Papa Barthélemy alimwambia. "Ya zamani inabaki kwa fundi."

Akampokonya kamba taratibu, akamkabidhi Habumugisha. Ng'ombe aliondoka bila kusukumwa, akapitia kwa jirani kula maua, akakata kona ya barabara ya Kibumba peke yake. Njia aliijua vizuri. Haikuwa mahari yake ya kwanza.